Viti 85, vijana 100: nani ataachwa nje?

Na MWANDISHI WETU

JUMAMOSI ya Novemba 29, 2014, mjini Columbus katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kijana J.T. Barrett alivunjika kifundo cha mguu mbele ya mashabiki zaidi ya laki moja.

Barrett ndiye aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya timu ya chuo kikuu cha Ohio State katika mchezo ambao Wamarekani huuita futboli. Na hata yeye hakuwa chaguo la kwanza. Aliyetarajiwa kuvaa viatu hivyo, Braxton Miller, aliumia bega mwezi Agosti, kabla msimu haujaanza.

Sasa wawili walikuwa wametoka, na fainali ya ligi yao ilikuwa imebakisha wiki moja tu. Mkufunzi Urban Meyer aligeuka akatazama benchi na kumwita wa tatu katika foleni, Cardale Jones, kijana ambaye hakuwa ameanzishwa katika mechi hata moja chuoni hapo.

Yaliyofuata yanasimuliwa hadi leo. Desemba 6, Jones na wenzake waliwabwaga Wisconsin 59-nunge. Januari 1, 2015 wakawalaza Alabama 42-35 katika nusu fainali. Januari 12 wakawachapa Oregon 42-20 na kutwaa ubingwa wa taifa. Zilikuwa mechi tatu za kwanza alizoanza kijana huyo, na ya tatu ikampa kombe.

Msomaji huenda akasema hiyo ni bahati ya mtende. La hasha. Wahenga walisema akiba haiozi, na Ohio State walikuwa wameweka akiba.

Lakini akiba ya watu si kama akiba ya mahindi. Gunia la mahindi likikaa ghalani miaka mitatu halina mama anayengoja habari nyumbani. Kijana aliyeketi benchi anaye. Na katika vyuo vya Marekani, hesabu ya nani aketi benchi, nani asajiliwe na nani aonyeshwe mlango imewatoa machozi wazazi wengi.

Kwa nini watu wengi hivyo?

Usiuchanganye mchezo huu na kandanda yetu. Mpira wake umechongoka pande mbili, hushikwa kwa mikono na kukimbiwa nao, na mchezaji hukabiliwa na kuangushwa chini. Ni jamaa ya raga, ila wachezaji huvaa helmeti na ngao mabegani.

Kila upande huingiza watu 11 uwanjani. Mbona basi timu iwe na wachezaji zaidi ya 80?

Jibu ni kwamba hao 11 hawachezi mchezo mzima. Kuna kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda. Mpira ukibadilisha wenyewe, 11 hutoka na 11 wengine huingia. Sheria ya kubadilisha wachezaji bila kikomo ililetwa vyuoni mwaka 1941, ikafutwa 1953, kisha ikarudishwa katikati ya miaka ya 1960. Kazi zikagawanywa, na timu zikafura.

Piga hesabu mwenyewe. Vikosi viwili ni watu 22. Ongeza mafundi watatu wa shughuli za mateke, utapata 25. Kila mmoja wa wale 22 akiwa na naibu, unafika 47. Naibu naye akiwa na naibu, kama ilivyokuwa kwa Jones, unakaribia 70. Na huo ni mchezo wa miili kugongana, ambapo baadhi ya vijana wa mstari wa mbele huwa na uzani wa kilo 130 na zaidi. Ni nadra Jumamosi kupita bila mtu kuondoka akichechemea.

Kuna jambo lingine. Kijana wa miaka 18 anayetoka shule ya upili aghalabu hajakomaa kupambana na mwenzake wa miaka 22, hasa mstari wa mbele. Huhitaji miaka miwili au mitatu ya kula vizuri, kunyanyua vyuma na kujifunza. Kwa desturi mwanafunzi amekuwa akipewa miaka mitano ili acheze misimu minne, na ule mwaka wa kukaa kando Wamarekani huuita “shati jekundu”. Tangu 2018 aliye katika mwaka huo aliruhusiwa kucheza hadi mechi nne bila kuhesabiwa msimu.

Kwa hivyo sehemu kubwa ya timu ya chuo ni kitalu cha miche. Ligi ya kulipwa, NFL, hutumia kikosi cha wachezaji 53 tu, na wakosoaji wameuliza kwa nini vyuo visifanye vivyo hivyo. Wakufunzi hujibu kwamba timu ya kulipwa ikipoteza mtu Jumapili inaweza kumsajili mwingine Jumanne. Chuo hakiwezi. Aliyemo ndiye aliyemo hadi msimu uishe.

Nambari 85 ilitoka wapi?

Zamani hapakuwa na kikomo cha kitaifa. Vyuo tajiri viliweza kusajili vijana tele, na inasimuliwa kuwa wengine walichukuliwa ili tu wasiende kwa wapinzani.

Mwaka 1973, NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, liliweka mpaka: wanafunzi 105 wa futboli wanaofadhiliwa, na wapya wasiozidi 30 kila mwaka. Mwaka 1978 jumla ikashushwa hadi 95. Kuanzia 1992 ikapunguzwa kidogo kidogo hadi 85, huku wapya wakiwa 25 kwa mwaka.

Lengo lilikuwa kupunguza gharama na kuwagawia wanyonge riziki. Kijana ambaye angekuwa nambari 90 kwa tajiri akawa nambari 20 kwa jirani.

Daraja la chini yake lilipewa ufadhili wa watu 63 tu. Hata hivyo, Septemba 1, 2007, Appalachian State ya daraja hilo ilisafiri hadi Ann Arbor na kuwafunga Michigan 34-32, timu iliyoorodheshwa ya tano nchini kote. Wingi wa watu ni silaha, lakini hauna dhamana.

Serikali hiyo ya michezo ilijua uzito wa idadi kiasi cha kuifanya adhabu. Mwaka 2010 chuo kikuu cha Southern California kilipatikana na hatia ya kukiuka kanuni. Miongoni mwa adhabu zake kilinyang'anywa nafasi 30 za ufadhili kwa miaka mitatu, yaani 10 kila mwaka. Wapya wakawa 15, jumla 75. Hakuna aliyevunjwa mguu, lakini kila mkufunzi alielewa maana yake: naibu wa naibu hayupo tena.

Hesabu isiyoingiana

Sasa turudi kwenye hizo nambari mbili, 25 na 85. Ukisajili vijana 25 kila mwaka kwa miaka minne, unapata 100. Viti ni 85. Ukiongeza wale wanaokaa mwaka wa tano, pengo linapanuka zaidi.

Maana yake ni kwamba chuo kinachojaza nafasi zake zote za kusajili kinategemea wengine kutoka njiani. Wapo wanaotoka kwa hiari, wapo wanaoshindwa na masomo, wapo wanaoumia. Lakini wasipotoka wa kutosha, itakuwaje?

Tuchukue mfano. Timu ina 85, na 20 wanamaliza chuo. Nafasi ni 20. Mwezi Februari, siku ya kutia sahihi, mkufunzi anasajili 25. Kila mmoja anapigwa picha akiwa amevaa kofia ya chuo, mama akifuta machozi ya furaha. Lakini hesabu rasmi ilikuwa ikifanywa Agosti. Kati ya Februari na Agosti, watu watano lazima wapungue. Watano hao ni watoto wa nani?

Mwaka 2009 mkufunzi Houston Nutt wa chuo kikuu cha Mississippi alisajili vijana 37 kwa mpigo. Hakuvunja sheria yoyote, maana sheria ilihesabu walioingia darasani, si waliotia sahihi. Wakufunzi wa aina yake walijitetea kuwa baadhi ya vijana hawangefikisha alama za kuingia chuoni, na kwa kweli wengine hawakufikisha. Ligi yao ya SEC iliweka kikomo cha sahihi 28, na mwaka 2011 ikakishusha hadi 25.

Mbinu za kupunguza watu zilikuwa kadhaa. Kijana angeambiwa kwa upole kuwa hapa hatapata namba, afadhali atafute chuo kingine. Mwingine angetangazwa kuwa na jeraha lisiloruhusu kucheza tena. Huyo hubaki na karo yake lakini hahesabiwi tena katika 85, wala haruhusiwi kuvaa jezi ya chuo hicho. Mwingine angepewa “shati la kijivu”, yaani aambiwe asubiri hadi Januari ndipo aanze masomo.

Kusubiri si kubaya kama mtu ameambiwa mapema. Kinachouma ni kuambiwa umechelewa. Mwaka 2010, katika jimbo la Louisiana, kijana mmoja alikuwa tayari ameshaingiza mizigo yake bwenini alipoelezwa kuwa nafasi hazikutosha, asubiri muhula wa Januari. Alifungasha akahamia chuo kingine.

Kisheria aliyetia sahihi ndiye aliyefungwa zaidi. Tangu 1973 ufadhili ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na chuo kingeweza kukataa kuurefusha. Mwaka 2012 ndipo vyuo viliporuhusiwa tena kutoa ufadhili wa miaka kadhaa. Mwezi Januari 2015 ligi tano kubwa zilipiga kura kwamba mwanafunzi asinyimwe ufadhili kwa sababu tu mchezo wake umefifia.

Wanaojilipia karo

Nje ya wale 85 palikuwa na kundi jingine, la wachezaji wasiofadhiliwa. Hawa walijileta wenyewe, wakajilipia karo, na kila siku wakajitoa kuangushwa mazoezini na wale wanaolipiwa. Pamoja nao, timu nyingi zilifikisha watu 120 na zaidi. Wengi wao walimaliza chuo bila kugusa mpira siku ya mechi.

Lakini usiwadharau. Baker Mayfield alianza hivyo mwaka 2013 katika chuo cha Texas Tech, akahamia Oklahoma bila ufadhili, na mwaka 2017 akatuzwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa. Stetson Bennett naye aliingia Georgia mwaka 2017 bila ufadhili, akaondoka kwenda chuo kidogo, akarudi, na akaiongoza Georgia kutwaa ubingwa wa taifa Januari 2022 na tena Januari 2023.

Mlango huo sasa umekuwa mwembamba. Juni 6, 2025 hakimu Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi iliyoanzishwa na wanafunzi dhidi ya NCAA. Kwa vyuo vilivyokubali mapatano hayo, kikomo cha 85 kiliondolewa. Badala yake pakaja kikomo cha wachezaji wote: 105. Chuo kinaweza kuwafadhili wote 105, na kwa mara ya kwanza kuwagawia wanamichezo wake mapato ya moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

Ni habari njema kwa aliye nambari 86. Kwa aliye nambari 106 ni msiba. Hata kabla ya hukumu, baadhi ya vyuo vilikuwa vimeanza kuwaaga wanaojilipia. Hakimu alikataa kuidhinisha hadi hao waliokatwa wafikiriwe, na hatimaye ikakubaliwa kwamba chuo kikitaka kuwarudisha, wasihesabiwe katika kikomo. Angalia neno hilo: chuo kikitaka.

Kununua kikosi sokoni

Mabadiliko mengine yamegusa vijana wa shule za upili. Mwezi Oktoba 2018 ulifunguliwa mtandao wa uhamisho, ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandika jina lake, na wakufunzi wa vyuo vingine wakamwona. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Mwaka huo huo wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Mwaka 2023 kikomo cha wapya 25 kikafutwa kabisa.

Basi mkufunzi anajiuliza: nimlee mtoto wa miaka 18 kwa miaka mitatu, au nimchukue mtu wa miaka 21 aliyekwisha kuiva kwingine? Wengi wamechagua yaliyoiva. Kundi la wanaotoka shule za upili limepungua katika vyuo vingi, na nafasi zao zimechukuliwa na wanaohama.

Mfano uliovuma ni wa Colorado mwaka 2023. Mkufunzi mpya, Deion Sanders, alikuta timu iliyoshinda mechi moja kati ya 12. Wengi wa waliokuwepo waliondoka, na akaleta zaidi ya vijana 40 kutoka vyuo vingine. Walianza kwa kishindo kwa kuwalaza TCU 45-42, kisha wakaishiwa pumzi na kumaliza msimu kwa ushindi wa mechi nne na vichapo vinane. Mwaka uliofuata walishinda tisa. Kwa hivyo soko linasaidia, ila kitalu hakijengwi kwa siku moja.

Mkenya yamhusu nini?

Huenda mzazi wa Nairobi au Eldoret akauliza, futboli ya Wamarekani yanihusu nini na mwanangu ni mkimbiaji?

Yakuhusu. Vyuo hivyo ndivyo vimewapokea wakimbiaji wetu kwa zaidi ya nusu karne. Hayati Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81.

Na fungu ni lile lile moja. Chini ya kanuni za zamani, futboli ya daraja la juu ilipewa ufadhili kamili 85. Riadha ya wanaume yote, pamoja na mbio za nyika, ilipewa 12.6. Ndiyo, kumi na mbili na vipande. Wasichana walipewa 18, kwa kuwa sheria ya mwaka 1972 inadai usawa wa jinsia, na futboli haina timu ya wasichana ya kulingana nayo. Mkufunzi alizikata nafasi hizo 12.6 kama mkate, huyu nusu, yule robo. Ndiyo maana vijana wetu wengine walifika huko wakidhani karo yote imelipwa, kumbe wana deni.

Katika vyuo vilivyoingia mapatano ya 2025, hesabu hiyo ya vipande imeondolewa. Sasa kikomo ni wanariadha 45 na wakimbiaji wa nyika 17 kwa kila timu. Chuo kinaweza kumlipia kila mmoja, kikiwa na pesa na kikipenda. Lakini aliye nje ya orodha yuko nje.

Ewe mwanafunzi, barua ya chuo ikifika, usikimbilie kutia sahihi. Kaa chini na mzazi wako muulize haya:

Ufadhili huu ni kamili au ni kipande? Ni wa mwaka mmoja au hadi nimalize shahada?

Nikiumia mguu, nani atalipa karo na hospitali?

Wakimbiaji wangapi wa mbio zangu wako hapo tayari, na wako mwaka wa ngapi?

Mkufunzi aliyeniita akihamia kwingine, ahadi yake inabaki na chuo au inaondoka naye?

Mkufunzi mwaminifu hatakasirika kwa maswali hayo. Atakayekasirika amekujibu.

Tumalizie na Cardale Jones. Kijana huyo naye alipitia foleni. Kabla ya kuanza masomo Ohio State alikaa kwanza muhula mmoja katika shule ya kijeshi ya Fork Union huko Virginia. Mwaka 2012, msimu wake wa kwanza, aliketi kando na kuandika mtandaoni maneno ya kudharau masomo, kwamba yeye alikuja kucheza mpira. Alichekwa nchi nzima.

Miaka miwili baadaye alibeba kombe. Katika ligi ya kulipwa hakudumu. Lakini mwezi Mei 2017 alirudi chuoni akavaa joho na kofia, akapokea shahada yake, na juu ya kofia hiyo akawa ameyaandika yale maneno yake ya zamani kujicheka mwenyewe.

Kiti chake katika timu kilikuwa kimeshakaliwa na mwingine. Cheti kilibaki kuwa chake.